Kubali Yote

Hoteli ya Haapasalmi ina vyumba kumi na vinne, sauna mbili za kuogea mvuke, na ziwa mbele yake. Jioni za majira ya baridi, jiko likishazimwa na wageni wakishatoka sauna na nyuso zao nyekundu, Bi Tellervo, mhasibu wetu, alikuwa akimimina kikombe chake cha mwisho cha kahawa, anakaa pale mapokezi, na kuifunga siku. Ndivyo wanavyosema watu wa hoteli: kufunga siku. Risiti za baa zinalinganishwa na mashine ya kadi, vifungua kinywa vinalinganishwa na idadi ya watu, vyumba vinalinganishwa na majina. Akimaliza hesabu za mezani alivaa koti, akatoka nje kwenye theluji, akahesabu madirisha yenye taa. Madirisha yakilingana na daftari, siku imefungwa. Yasipolingana, tunaanza kutafuta.

"Kumi na moja," alikuwa akisema akirudi ndani, akikung'uta theluji kwenye viatu. "Na daftari linasema kumi na moja. Nenda kalale, Lempi."

Lempi ni mimi. Ninasafisha vyumba pale tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba. Ndugu zangu mnaonisoma, wenye hoteli na wenye nyumba, siandiki kwa kuwa nina elimu. Shule ya msingi sikuimaliza, maana familia yetu ilihama na farasi wa maonyesho kutoka mji hadi mji, na mwalimu akishanizoea tulikuwa tumeshaondoka. Naandika kwa sababu nyumba moja iliumia mbele yangu, nami nilikuwa na neno la kusema nikalimeza.

Nyumba yenyewe ni ya Bwana Ensio Pelkonen, mwenye hoteli, na mkewe Kaarina, ambaye jiko lilikuwa lake. Supu yake ya samaki, viazi na maziwa iliwatoa watu mji wa Kuopio wakaja kwa ajili ya bakuli tu. Walikuwa na mtoto mmoja, Saimi. Bwana Ensio aliiona hoteli mikononi mwa Saimi tangu binti akiwa anatambaa. Saimi alijiona hospitalini, akiwa muuguzi. Siku alipopata kazi Oulu, kaskazini huko, baba na binti walibishana wakiwa wamekaa mezani, na Bwana Ensio, ambaye kwa kawaida hasemi maneno ishirini kwa siku, siku hiyo aliyamaliza ya mwezi mzima.

"Nenda!" alisema. "Lakini ujue, ukikanyaga hapa tena utakuja kama mgeni. Utaandikisha chumba kama mgeni, na utalipa kama mgeni."

Saimi alivaa koti. Mama yake alitoka jikoni na upawa mkononi, akasimama nao mlangoni mpaka basi likaondoka.

Nyie mtasema: si angempigia simu siku ya pili wakapatana? Kwetu mtu hapigi simu kuomba samahani. Husubiri theluji iyeyuke, na ikishayeyuka husema ana mashua ya kupaka rangi. Mama Kaarina alikuwa akimpigia binti yake wakati wa Krismasi, wanaulizana hali ya hewa, na Saimi alisema jambo moja tu kila mwaka: "Baba akiniita, nitakuja." Mama Kaarina alilipeleka neno hilo kwa mumewe, naye alijibu, "Mlango uko wazi. Tangu lini mlango ukahitaji mwaliko?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila jina huku lina siku yake kwenye kalenda, na siku ya akina Kaarina ni tarehe ishirini na tano Novemba. Mwaka wa kwanza baada ya Saimi kuondoka, siku hiyo asubuhi, Bi Tellervo alinishika mkono kwenye ngazi.

"Chumba namba tisa. Mito miwili, blanketi la sufu. Na uache taa ya dirishani inawaka."

"Nani anakuja?"

"Mgeni. Anaweza kuchelewa."

Mgeni hakuja. Asubuhi nilikuta kitanda hakijaguswa na taa bado inawaka mchana. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Mwaka wa tatu nilichungulia daftari, na ingawa nasoma polepole, nililisoma jina: S. Tiainen, Oulu. Kila mtu pale Haapasalmi anajua kwamba kabla ya kuolewa Mama Kaarina alikuwa binti wa akina Tiainen.

"Bi Tellervo," nikasema, na masikio yalikuwa yananiwaka moto, "huyu si Saimi?"

Akaendelea kupiga muhuri risiti zake. "Baba yake alimwambia aje kama mgeni. Anaandikisha chumba kama mgeni. Kupanda ngazi ndiko kunakomshinda."

"Na mbona hatumwambii Mama Kaarina?"

"Ili akae dirishani usiku kucha na mtu asije? Hapana. Saimi akitaka wajue atapanda mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kumwachia taa."

Kanuni ya hoteli ni kwamba mgeni aliyeandikisha chumba asipotokea hutozwa. Bi Tellervo hakumtoza. Wakati wa kufunga siku aliandika neno moja mbele ya jina lile: *amechelewa*. Na siku ikafungwa.

Mwaka wa nne ulipopita magoti ya Bi Tellervo yalikataa kazi. Miaka thelathini na mbili ya kutoka nje kuhesabu madirisha si mchezo. Bwana Ensio hakutafuta mhasibu mwingine. Alimwita mtu wa mauzo kutoka Tampere, akaja na viatu vyembamba akateleza mara mbili kati ya gari na mlango.

"Hii ni akili mnemba," alisema mtu yule akifungua kompyuta yake. "Inafunga siku yenyewe. Inasoma risiti, kadi, vyumba, kila kitu. Hailali, haiumwi magoti, haihitaji kahawa."

"Asiyekunywa kahawa simwamini," alisema Bi Tellervo.

Tulicheka wote, na tangu siku ile mashine ikapata jina: Asiyekunywa.

Bwana Ensio alitaka mashine ile kwa sababu nzuri, na ni haki niiseme. Majira ya kuchipua ya mwaka huo Mama Kaarina alianza kusahau. Alianza na chumvi, akatia mara mbili. Kisha jina la jirani, kisha njia ya dukani. Daktari alimwita Bwana Ensio pembeni akamwambia: kama kuna watu anaotaka kuwaona, waje mapema, angali anawajua. Bwana Ensio akaamua jioni zake ziwe za mkewe, si za karatasi.

Na Mama Kaarina alikuwa anajua anachotaka. Nilikuwa nabadilisha shuka chumbani kwao nilipomsikia.

"Ensio, mimi sitaki sherehe wala safari. Nataka nimwone Saimi nikiwa bado najua kuwa ni Saimi. Mpigie wewe. Mimi nikimpigia tunaongea theluji tu, na sitaki aje kwa kunihurumia."

"Namba yake ninayo."

"Najua unayo. Nimesema mpigie."

"Wiki hii kuna mashine mpya. Ikitulia, nitampigia."

Siku Bi Tellervo alipokabidhi funguo, alisimama mbele ya meza yake ya zamani kwa muda mrefu.

"Ensio, kuna mambo mengine hayamo kwenye daftari," alisema.

"Basi yaandike, mashine iyasome."

Bi Tellervo alifungua mdomo, akaufunga. Yeye naye ni mtu wa huku. Alipofika mlangoni alinong'ona kwangu: "Tarehe ishirini na tano Novemba. Chumba namba tisa. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Asiyekunywa alifanya kazi vizuri, sitamsingizia. Wiki ya kwanza aligundua kwamba mume na mke kutoka Kuopio walikuwa wametozwa bili ya baa mara mbili, wakarudishiwa. Wiki ya pili aligundua masanduku ya samaki tuliyolipia bila kuyaona. Kila asubuhi alimletea Bwana Ensio taarifa kwenye simu: jambo hili haliko sawa, napendekeza hivi, unakubali au unakataa? Maswali kumi, ishirini, mengine madogo kama taulo. Na chini kabisa palikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kijani: *Kubali yote*.

Mwezi wa kwanza Bwana Ensio alisoma kila mstari, miwani puani. Mwezi wa pili alisoma ya juu. Ilipofika Septemba nilimwona kwa macho yangu: mkate wa iliki mkono mmoja, simu mkono wa pili, kidole gumba kikashuka chini moja kwa moja.

"Umesoma?" Mama Kaarina alimuuliza.

"Huyu hakosei. Nisome nini?"

Na jioni zile alizozinunua kwa ajili ya mkewe? Alikaa naye, ndiyo, kwenye kochi moja. Lakini Asiyekunywa alimwonyesha pia vyumba vinavyoandikishwa, bei ikipanda na kushuka, hoteli ya ng'ambo ya ziwa inauza kwa kiasi gani. Bwana Ensio alitazama kama wengine wanavyotazama mpira. Mama Kaarina alikuwa akifuma soksi, anamuuliza kitu, anajibiwa "mm." Alimuuliza tena kitu kilekile, maana alikuwa amesahau kwamba ameshauliza, na akajibiwa "mm" ileile. Saimi hakupigiwa simu. Kwanza mashine ilikuwa haijatulia, kisha ukaja msimu wa wawindaji, kisha barafu ikashika ziwani na Bwana Ensio ana tundu lake la kuvulia samaki kwenye barafu.

Novemba ikaingia na giza lake. Tarehe ishirini na tano asubuhi nilichukua orodha yangu ya vyumba. Namba tisa ilikuwa na wauza matairi wawili. Nikasoma orodha yote kwa kidole, jina moja moja, mara mbili. Tiainen hayumo.

Nilishuka ngazi. Nilisimama mlangoni pa ofisi ya Bwana Ensio, naye akainua macho kutoka kwenye simu.

"Vipi, Lempi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilikuwa nimeyarudia kwenye kila ngazi. Kisha nikaiona ile kompyuta mezani, nikajiuliza: wewe ambaye hukumaliza hata shule ya msingi, utaiambia nini mashine inayojua kila kitu? Labda Saimi hakuandikisha chumba mwaka huu. Labda ameacha.

"Taulo zimeisha?" Bwana Ensio akanisaidia.

"Ndiyo," nikasema. "Taulo."

Jikoni, Mama Kaarina alipewa keki ya siku yake ya jina. Alishukuru vizuri, akauliza keki ni ya nani.

Krismasi ilipofika alikaa karibu na dirisha na simu mkononi. Namba ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi. Alipiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Labda yuko zamu," Bwana Ensio alisema.

"Krismasi yote?"

Alipiga kila siku hadi mwaka mpya. Mwishoni mwa Januari hakuuliza tena habari za simu, na hilo ndilo lilitutisha zaidi.

Bi Tellervo alikuja Februari, akitembea na fimbo mbili, kunywa kahawa nasi jikoni. Hakumaliza nusu kikombe.

"Enhe, Lempi. Novemba mgeni wetu alikuja?"

Niliangalia sakafu. "Hakuwemo kwenye orodha. Namba tisa walilala wauza matairi."

"Na ulisema nini?"

"Niliomba taulo."

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Aliinuka, akachukua fimbo zake, na tuk-tuk-tuk akaelekea ofisini, mimi nyuma yake.

"Ensio, fungua hiyo simu yako. Taarifa za Novemba."

"Tellervo, karibu kwanza. Kuna nini?"

"Fungua."

Alifungua. Bi Tellervo akavaa miwani, akaanza kupandisha kurasa kwa kidole kilichopinda kwa baridi yabisi. Tarehe sita Novemba. Mstari wa kwanza, sabuni. Wa pili, bia. Alifika wa kumi na saba akasimama, akampa simu. "Soma kwa sauti. Hujawahi kuisoma, isome leo."

Bwana Ensio alisoma. "'Mgeni S. Tiainen, Oulu, ameandikisha chumba namba tisa, tarehe ishirini na tano. Mgeni huyu ameandikisha mara nne mfululizo na hajatokea hata mara moja. Malipo yalisamehewa kila mara bila idhini. Napendekeza: ankara ya miaka minne itumwe, chumba kiuzwe, na mgeni asipokelewe tena. Barua itatumwa kwa jina lako. Je, unakubali?'"

Kidole chake kilirudi kwenye jina. Hakuhitaji kuelezwa. Jina la Tiainen aliwahi kulifuata akiwa kijana, kilomita kumi kwa skii, zile mbao za kutelezea theluji, kila Jumamosi.

"Chini yake," alisema Bi Tellervo. "Barua yenyewe ipo."

"'Mgeni mpendwa. Tunasikitika kukujulisha kwamba hatutaweza kukupokea tena katika hoteli yetu. Tafadhali lipa kiasi kilichotajwa hapo chini. Kwa heshima, Ensio Pelkonen.'" Akaiweka simu mezani kama kitu kinachounguza. "Mimi sikuandika hii."

"Jina la nani hilo chini?"

"Mashine ndiyo…"

"Mashine ilikuuliza, Ensio. Imeandika hapo: je, unakubali? Nani alijibu?"

Bwana Ensio alinigeukia. Kisha akaniuliza mimi, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Lempi, wewe ulijua?"

"Nilijua." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikaendelea. "Kila mwaka nilimtandikia. Mito miwili."

Alimpigia Saimi palepale, mbele yetu, simu ambayo mkewe alimwomba tangu majira ya kuchipua. Iliita ikakata. Akapiga ya pili. Akavaa koti.

"Wewe uende naye," Bi Tellervo aliniambia. "Huyu akifika mlangoni atazungumzia hali ya barabara."

Ni mwendo wa saa nne na nusu hadi Oulu wakati wa theluji. Njiani alinunua kahawa mbili, yake haikunyweka. Nyumba ya Saimi ilikuwa ghorofa ya tatu, na alifungua mwenyewe, bado na nguo za kazi za hospitali. Alimwona baba yake akarudi nyuma hatua moja.

"Nimelipa," alisema. "Euro mia tatu na themanini. Nililipa siku ileile. Sidaiwi."

Ndugu zangu, nimesikia watu wakitukanwa na nimesikia watu wakililiwa. Sijasikia neno zito kama hilo, "nimelipa," kutoka kwa mtoto kwenda kwa baba yake. Bwana Ensio alifungua mdomo.

"Barabara," alisema. "Barabara ilikuwa mbaya."

Basi mimi, ambaye sisemi, nikasema. Nilimweleza kwamba barua si ya baba yake, ila kidole ni chake. Nilimweleza Asiyekunywa na kitufe cha kijani. Nilimweleza Bi Tellervo na neno *amechelewa* lililoandikwa mara nne. Nilimweleza blanketi la sufu.

Saimi alishika fremu ya mlango. "Kumbe taa ile mliniwashia mimi?"

"Wewe."

"Mwaka wa kwanza niliishia kituo cha basi," alisema polepole. "Wa pili nikafika darajani. Wa tatu nikafika kwenye kituo cha mafuta, nikakaa saa nzima. Mwaka juzi nilifika uwanjani kwenu. Nilisimama chini ya miti nikaona madirisha mengine yamezimwa na namba tisa inawaka. Nikajua kuna mtu ananingoja. Nilijiambia mwakani napanda. Nikaomba likizo, nikanunua tiketi. Kisha barua ikaja." Akamgeukia baba yake. "Nilidhani umegundua ni mimi."

"Sikusoma," alisema Bwana Ensio. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, kama bomba linalovuja. "Saimi, mwanangu. Sikusoma. Twende nyumbani. Nakuita. Nimekuja kukuita."

Akachukua koti lake. Garini baba yake alimweleza habari za mama, kwa sentensi fupi fupi, na Saimi, ambaye ni muuguzi, hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja: "Novemba, tarehe ile, angenijua?"

Bwana Ensio aliendesha mpaka taa za mji wa pili zilipopita. "Ndiyo," alisema. "Novemba angekujua."

Tulifika usiku wa manane, mama amelala, tukangoja asubuhi. Mama Kaarina alikuwa jikoni, anamenya viazi. Mikono yake bado ilikuwa inakumbuka kazi. Saimi aliingia akasimama mbele yake. Mama Kaarina alimtazama, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha, mpaka nikashika kifua changu nikisema Mungu ni mwema.

"Irja!" alisema. "Dada yangu! Umekuja na treni gani?"

Irja alikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Bwana Ensio alitaka kusema kitu. Saimi alimzuia kwa mkono, akavuta kiti, akachukua kisu na kiazi.

"Ya asubuhi, dada," alisema.

Saimi hakurudi Oulu kuishi. Amepata kazi kwenye zahanati ya hapa. Bwana Ensio hukaa na mkewe jioni, simu iko kwenye droo. Asubuhi husoma taarifa ya Asiyekunywa kwa sauti, mstari baada ya mstari, hata ya sabuni, na hukubali moja na kukataa nyingine. Wanakula pamoja watatu, na mimi wa nne. Mtu akipita nje akatuona atasema hii ni familia iliyookoka.

Lakini karibu kila jioni Mama Kaarina huweka kijiko chini, hutazama barabarani, kisha humwinamia mwanamke aliyekaa kando yake.

"Irja, Saimi wangu amepiga simu?"

"Amepiga," Saimi hujibu.

"Anakuja?"

"Yuko njiani."

"Nitamngoja," husema Mama Kaarina. Na humngoja, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa bintiye.

MAFUNZO

Wasomaji wangu, msiseme Lempi anachukia mashine. Asiyekunywa bado anafunga siku pale Haapasalmi, na hesabu zake ni safi kuliko zilivyowahi kuwa. Hakudanganya wala hakuficha. Aliona mgeni asiyetokea akasema ukweli alioujua, kisha akauliza. Kosa ni letu sisi tulioulizwa. Mwenye hoteli aliweka jina lake chini ya maneno asiyoyasoma, na jina la baba si muhuri wa kupigwa na mtu mwingine. Ukimpa mashine kazi yako, mpe kazi; usimpe na masikio yako, na usimpe neno lako. Kila jina kwenye orodha ni mtu aliyesimama mahali fulani kwenye baridi, anajiuliza kama apande au arudi. Soma jina hilo kabla hujakubali.

Na nafasi utakayoipata kwa msaada wa mashine, itumie kwa kile ulichosema unaitafutia. Bwana Ensio alinunua jioni zake kwa ajili ya mkewe, akazitumia kutazama bei za vyumba. Fedha iliyopotea Asiyekunywa anaweza kuitafuta mpaka aipate. Jioni hizo hajui zilipo.

Lakini somo langu mimi ni kwa wale wanaofanana nami, wenye aibu, waliozoea kusimama ukutani. Mnajua vitu ambavyo havimo kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Mnajua ni mlango gani usiofungwa na ni kitanda gani kinachongoja. Msidhani kwa kuwa hamkusoma sana basi mnachokijua si kitu. Bi Tellervo alinyamaza kwa heshima, mimi nikanyamaza kwa hofu, na ukimya wetu wote wawili ulimgharimu mama mmoja mtoto wake. Nenda mlangoni, hata kama masikio yanawaka moto. Ukiulizwa kama ni taulo, sema: hapana, si taulo.